Kikapu cha Saa Tisa

Famau, taa yako naiona.
Sikupelelezi; ni dirisha langu tu
linatazama wikio la nyumba yenu,
na saa tisa za usiku mimi niko macho
kwa kuwa unga haujikandi.

Hapa Mkomani wanasema umebadilika.
Wanasema kama watu wanaozungumzia kisima:
zamani maji yake yalikuwa matamu.
Mimi sikuja na hilo.

Nimekushushia kikapu.
Kamba ni ile niliyokuwa nikimshushia marehemu funguo
akichelewa barazani.
Ndani mna mkate wa mofa, mmoja, wa moto,
na chai ya tangawizi katika chupa ya dawa ya kikohozi
(nimeiosha mara tatu, usiogope).
Mna na kipande cha karatasi ya sukari. Nimeandika: Umelala?
Usipokula, haidhuru, mpe paka.
Lakini itikise kamba, nijue mkono wako uko.

Sitakwambia subira yavuta heri.
Nilipokuwa na miaka kumi na sita, kama wewe,
niliambiwa hivyo hata nikachoka,
na heri haikuvutika. Ilibaki kule kule,
nami nikabaki na subira mkononi
kama mtu aliyeshika kamba
na punda amekwisha kwenda zake.

Mwaka ule sikuchana nywele tangu Rajabu
mpaka Mfunguo Tatu.
Mama alinisomea, akanifukiza ubani,
akalia jikoni akidhani
mchemko wa chungu wamfichia sauti.
Nami nimelala, nazihesabu zidaka za ukutani:
ishirini na nane, na kimoja kimevunjika.
Nikajiona ni hicho.
(Hicho ndicho alichokuwa akiweka kibiriti.
Sikuliona hilo wakati ule.)

Aliyeniinua hakuwa hodari wa maneno.
Shangazi Mwanashamu, mwenye kigugumizi,
alikuja kila alasiri na kofia iliyoshonwa nusu,
akakaa kizingitini, asiseme kitu,
akawa anatunga sindano na kukosa,
anatunga na kukosa, makusudi,
mpaka nikachoka kumtazama, nikamtungia.
Basi. Sindano moja.
Kesho yake mbili.
Siku ya tatu nilikataa, na hakuuliza.

Sasa nina mawili, kisha nirudi kwenye unga.
Hilo linalokunong'oneza usiku
kwamba hapana atakayekukosa
halijui hesabu. Anza na mimi:
nani angenisomea risiti za duka, na macho yangu haya?
Nani angemwita paka wangu kwa jina la waziri?

La pili. Asubuhi nikizima mofa
naenda zahanati, Langoni, kwa ajili ya goti.
Yuko muuguzi pale, Arafa,
hachukui neno la mtu akalipeleka kwa mtu.
Twende sote. Watu wakiuliza,
wewe wanishika mkono kwenye ngazi,
na hata si uongo.
Na mama yako mwambie, Famau.
Likikushinda, nitasema mimi
nawe usimame nyuma yangu.

Kamba imetikisika.

Navuta. Kikapu chepesi. Mkate haumo.
Chupa imerudi, na kwa kuwa umelelewa
hukurudisha chombo kitupu:
kipande cha daftari, mwandiko umeinama upande
kama mtu aliyebeba ndoo.
Neno moja.
Bado.

Nimelisoma, nimelisogeza karibu na taa, nimelisoma tena.
Bado hujalala. Bado hujajua.
Bado upo.
Sijui ulikusudia lipi, wala sitakuuliza.
Nimelikunja nikalitia katika kopo la hamira.

Kesho saa tisa, kamba ni hii hii.
Mkate wa kwanza huniungua, nakwambia mapema.
Wa pili ndio wako.